Mtetemo wa Gari la Mjomba

Mpaka leo siwezi kukaa ndani ya gari linalotetemeka huku limesimama. Nitashuka, nitangoja pembeni hata kama mvua inanyesha, na ukiniuliza sababu nitakujibu vibaya. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, mke wangu atakueleza. Lakini hiyo si hasira. Ni woga, na woga huo nimeishi nao tangu enzi za Mwingereza, nikiwa kijana mwenye mabega na mdomo mrefu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, la tangu kabla ya vita kuu ya pili. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge, na Mzungu alipotaka kulitupa, mjomba akalinunua. Akalileta kwetu juu, upande wa Matombo, likawa linashusha ndizi na mananasi sokoni Morogoro na kupandisha chumvi, mafuta ya taa na watu. Mimi nilifundishwa kuendesha na yeye, kwa makofi ya kisogoni.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakuzaa na kukupenda, lakini mwenye kauli juu yako, anayekuita mtoto wake, ni mjomba, na mjomba akifa, vitu vyake havikai kwa watoto wake. Vinakuja kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Ndivyo gari lile lilivyonifikia. Nililirithi pamoja na balaa lake.

Maana mjomba aliuawa na gari hilohilo. Kuna mteremko mkali ukishapita Mkuyuni kwenda mjini, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili huko chini unaona vilele vya migomba. Masika moja injini ilimzimikia pale. Stata ilikuwa imekufa siku nyingi, gari likiwashwa kwa hendeli, ile nondo unayoichomeka kwa mbele ukazungusha kwa mkono. Hendibreki nayo ilikuwa jina tu. Akaweka jiwe kwenye tairi, akaenda mbele na hendeli yake, upande wa chini wa mteremko. Jiwe likateleza kwenye tope. Gari likampitia, likaenda likagonga ukingo wa barabara, likasimama.

Tulipomaliza matanga nilinyoosha bampa, nikapiga rangi mlango, nikarudi kazini. Hapo ndipo mtetemo ulipoanza.

Ukiwa unakwenda, gari halina neno. Lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta, ikabaki ile silensa, injini inajizungukia yenyewe taratibu, basi lo! Linaanza kutetemeka boneti, taa, kioo, mpaka meno yako mdomoni. Linashikwa na kwikwi, linatulia kidogo, linashikwa tena, kisha linazimika. Nikitaka lisizimike lazima niwe nimekanyaga mafuta kidogo. Sasa niambie, kwenye mteremko, mguu mmoja uko kwenye klachi, wa pili kwenye breki, wa kukanyagia mafuta utautoa wapi? Likizimika, unashuka na hendeli kwenda mbele, pale alipokuwa mjomba.

Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Kila nikiukaribia ule mteremko jasho jembamba linanitoka. Nilikuwa naimba kwa sauti ili nisijisikie. Nikifika chini salama nawatukana abiria bila kosa.

Nikaanza kumtafuta mchawi wa gari lile. Nilifungua plagi zote nikazisugua kwa msasa, nikanunua mpya. Likatetemeka. Nikafungua kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, nikaipuliza kila kitundu, nikaiosha kwa petroli, nikaifunga. Likatetemeka. Nikasawazisha pointi za kutoa cheche, nikabadili waya za moto, nikachuja petroli kwa kitambaa cha kanga. Wapi! Fundi mmoja mjini alilisikiliza, akazungusha skrubu ya silensa kulia na kushoto, akafuta mikono, akasema, "Gari zee hili, ndugu yangu. Wewe ukizeeka hutatetemeka?" Nusura nimpige na spana.

Mama yangu hakuwa na haja ya fundi. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari haimtoki shingoni, misa hakosi, lakini kuhusu gari lile alikuwa na jibu lake.

"Huyo ni kaka yangu," alisema. "Hajatulia. Amekufa vibaya, na ninyi mmempaka rangi mlango mkaendelea kubeba ndizi."

"Mama, marehemu hawana kazi na kabureta."

"Basi mbona limeanza siku zile zile alipokufa?"

Hilo ndilo lililonikera zaidi. Kijiji kizima kilikuwa upande wa mama. Ndizi walinipa, mananasi walinipa, ila wao wenyewe wakaanza kushuka mjini kwa miguu.

Ningeweza kuishi hivyo. Kilichonishinda ni dada yangu.

Dada alikuwa mkubwa kwangu, ndiye mtoto wa kike pekee kwa mama. Alishazika watoto wawili, wote walifia tumboni wakati wa kuzaliwa. Kwetu ukoo unapita kwa mwanamke. Dada akiondoka bila mtoto, nyumba yetu imefungwa, basi. Lakini mimi nilikuwa siwazi ukoo. Nilikuwa namuwaza yeye, aliyenibeba mgongoni na kunitafunia nyama nikiwa sina meno. Mume wake alikuwa kibarua Turiani, kwa hiyo alikuwa amerudi kwa mama na tumbo lake la tatu. Masika yakiwa yameshika, mtawa muuguzi wa misheni alimpapasa tumbo, akampapasa tena. Akatuita nje mama na mimi.

"Mtoto amelala mkingamo," alisema. "Hapa hawezi kuzaliwa. Mpelekeni hospitali kubwa mjini kabla uchungu haujaanza. Ukianza akiwa huku juu, mtawapoteza wote wawili."

Gari la karibu lilikuwa langu. La misheni lilikuwa limepelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, na daktari wa kuja mlimani hakuwapo. Nikamwambia mama afungashe, kesho tunashuka.

"Na lile gari? Ng'o!" mama alisema. "Mwanangu hapandi mpaka kaka yangu atambikiwe."

Tuligombana siku ile mpaka majirani wakasogea. Nilimwambia yeye ndiye atakayemuua dada kwa pombe zake za mizimu. Akaniambia mimi ndiye nitakayemuua kwa kiburi. Dada alikuwa amekaa mkekani anachambua mboga. Mwisho akasema, "Mimi naliogopa gari. Mama naye analiogopa. Na wewe unaliogopa kuliko sisi, usitudanganye. Acha watambike, mdogo wangu. Angalau nikipanda niwe na moyo."

Nikakubali. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi sikuwa na ujanja mwingine.

Tambiko la kwetu halifanywi na mwenye msiba peke yake. Lazima awepo mtani. Kila ukoo una ukoo wa watani wake. Ndio wanaowazika ninyi, ndio wanaowasema mbele ya jeneza, wanawatukana na hamruhusiwi kukasirika. Mtani wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya kasuku, na ndiye aliyemwosha mjomba. Alikuja alfajiri, kibuyu kikubwa cha pombe ya mtama kwapani, na bakuli la unga.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mrithi wa madeni na mavyuma. Kumbe bado hujafa? Nimeshaandaa jembe langu." Akalitazama gari. "Huyu naye alikuwa bahili hivi hivi alipokuwa hai. Hata kaburini kagoma kukaa, anataka kulinda gari lake."

Mama akacheka na machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya mtani.

Akaniamuru niliwashe. Nikazungusha hendeli, likashika, nikaliacha silensa. Likaanza kutetemeka pale uwanjani, kuku wakakimbia. Mtani akainua boneti la upande, akakoroga unga ndani ya pombe, akaanza kumwita mjomba. Akamwambia watu wako hawa, wajinga lakini ni wako. Binti yako anakwenda kujifungua. Tulia, upishe njia. Akajaza pombe mdomoni, akaipuliza puuu! juu ya injini. Kisha akainamisha kibuyu akamimina.

Gari likatulia.

Nasema likatulia! Ule mtetemo uliokuwa umenikondesha mwili mzima ulikoma, injini ikawa inanguruma taratibu kama siku za Mzungu. Mama alipiga kigelegele kilichokatikia katikati. Dada alijishika mdomo. Mimi nywele zilinisimama, na magoti yakaanza kufanya kazi iliyoachwa na injini.

Kisha likaanza tena, polepole. Mtani akamimina, likatulia. Hapo nikasogea nikaangalia, maana hata kwenye woga mimi ni mtu wa gari. Pale bomba linaloingiza hewa na petroli linapokutana na ubavu wa injini, niliona ile pombe ikichemka vipovu na kuvutwa ndani. Injini ilikuwa inainywa. Palikuwa na ufa kwenye maungio, mwembamba, kwa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Kumbe hewa ilikuwa inajipenyeza pale miezi yote, inaharibu mchanganyiko, na silensa inakosa kutulia. Unga ulipoingia na kukutana na moto ulikauka ukawa ukoko, ukaziba. Ukipasuka, hewa inaingia tena.

Na ufa ulitoka wapi? Ulitoka pale gari lilipogonga ukingo, siku ile ya mjomba. Mama alikuwa amesema kweli kwamba mtetemo ulianza na kifo cha kaka yake. Nilisimama pale na bisibisi mkononi, sijui nicheke au nikimbie.

Nikazima, nikajaribu kukaza boliti. Moja ikazunguka bure, haishiki tena. Kazi ile ilitaka karakana ya mjini. Nilikuwa bado nimeinama ndani ya boneti niliposikia mama anapiga kelele. Dada alikuwa ameikumbatia nguzo ya baraza, uso umebadilika rangi. Uchungu ulikuwa umeanza.

Hakuna aliyegombana tena. Tulimweka dada mbele katikati, mama akakaa mlangoni amemshika, na mtani akapanda juu ya mdigadi, lile bati la juu ya tairi la mbele, boneti la upande tumelifungua tukalifunga kwa kamba lisidondoke. Kibuyu alikikumbatia kama mtoto.

"Likitetemeka nalinywesha," akasema. "Mlevi hufunzwa kunywa? Twende!"

Sijawahi kuendesha vile. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, na kila dada alipougua mguu wangu ulikuwa unataka kukanyaga mpaka chini. Nilimsikia mama anasali Salamu Maria, na katikati ya sala anamwita kaka yake, kisha anarudi kwa Maria. Harufu ya pombe iliyoungua ilijaa ndani. Nje mtani alikuwa anatutukana ukoo mzima, kuanzia bibi yetu aliyekuwa na miguu ya bata. Namshukuru mpaka leo. Angenyamaza ningesikia moyo wangu.

Tukapita Mkuyuni bila kusimama, watu wa sokoni wakishangaa mzee anayemwagia gari pombe. Kisha tukaufikia mteremko.

Katikati yake mlima ulikuwa umemwaga mawe barabarani. Si makubwa, lakini hakuna pa kupita. Nikasimama. Klachi chini, breki chini kwa nguvu zote, na hendibreki ile ya jina. Nilipaona pale mahali. Ukingo ulikuwa bado na alama.

Mtani aliruka, akaacha kibuyu juu ya mdigadi, akaweka jiwe kwenye tairi la mbele. Nililiona lile jiwe likizama kidogo kwenye tope. Akaenda mbele kuondoa mawe, mgongo wake umetuelekea, kwenye mteremko, mbele ya bampa. Kila kitu kilikuwa kama siku ile, ila safari hii mwenye breki nilikuwa mimi.

Na gari likaanza kutetemeka.

"Mama," nikasema, "pombe! Kamimine pombe! Likizimika hatuna wa kuliwasha!"

Mama alikuwa hajawahi kuligusa gari lile kwa mkono wake tangu lilipomuua kaka yake. Kupanda kwenyewe alipanda kwa kufumba macho. Alinitazama, akamtazama dada aliyekuwa anauma ncha ya kanga, akafungua mlango. Nilimwona anakanyaga tope, anashika mdigadi kwa mkono mmoja, kibuyu kwa mkono mwingine. Mguu wangu wa breki ulikuwa unatetemeka sawa na injini. Sikuweza tena kutofautisha kipi ni kipi.

"Tulia, kaka," nikamsikia anasema, si kwa sauti ya sala, bali kama mtu anayembembeleza mlevi alale. "Tulia, kaka. Ni sisi."

Akamimina. Likatulia. Likaanza, akamimina, likatulia. Mtani akatupa jiwe la mwisho bondeni, akachomoa lile la tairini, akaruka pembeni akinipungia mkono. Mama alikung'uta kibuyu, tone la mwisho likaingia kwenye ufa. Akarudi ndani, nikaachia breki kidogo kidogo, mtani akadandia mdigadi wake tulipompita, tukashuka. Hatukusimama tena mpaka mjini.

Getini kwa hospitali wauguzi walikuja na machela wakamchukua dada. Mama akakimbia nao, mtani nyuma yao na kibuyu kitupu. Mimi nilibaki kwenye gari, mguu kwenye mafuta.

Sikushuka. Sijui nielezeje. Mimi niliyeuona ufa kwa macho yangu, niliyemwambia mama marehemu hawana kazi na kabureta, niliingiwa na wazo kwamba gari hili likizimika dada anakufa. Lilinishika likakataa kutoka. Pombe ilikuwa imekwisha, likitaka kutetemeka naongeza mafuta kidogo, likitulia napunguza. Jua lilipanda likaanza kuinama. Askari wa geti alikuja kuniambia nizime, ninawasumbua wagonjwa. Nilimtazama jinsi nilivyomtazama, akaondoka. Muuguzi mmoja alipita anakimbia na beseni, na mimi nikasali. Sala zote nilizozijua niliziunganisha, na mjomba nikamwita humo humo. Nikamwambia nipige makofi ya kisogoni utakavyo, ila huyu muache.

Petroli ikaisha. Injini ikakohoa, ikatetemeka kwa nguvu mara ya mwisho, ikanyamaza.

Kimya kile sitaki kukikumbuka. Nilikaa nimeshika usukani kwa mikono miwili, naangalia mlango wa hospitali, nalia waziwazi bila aibu, dereva mzima. Nilishaanza kumtafutia dada mahali pa kuzikwa, pembeni ya wale watoto wake wawili.

Mlango ukafunguka, mama akatoka. Alikuwa anatembea polepole, kanga imelowa, na sikuweza kuusoma uso wake. Alikuja mpaka dirishani, akaniangalia, akaangalia chini.

"Gari limezimika," akasema. "Mbona bado umekanyaga?"

Ni kweli. Mguu wangu ulikuwa umekandamiza ile pedali mpaka sakafuni. Nilitaka kuuondoa ukakataa, umekufa ganzi. Mama alifungua mlango, akainama, akaushika kwa mikono yake miwili yenye ukoko wa unga na pombe, akauinua, akauweka chini.

"Wamempasua," akasema. "Wote wazima. Ni wa kike." Kisha akajifuta macho kwa bega. "Mjomba, shuka. Twende ukamwone mtoto wako."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mjomba aliyekuwa akimwita.